Redio inayokatika nyumbani, kwa fundi inaimba

Kazi inayomchosha fundi wa redio kuliko zote si ile ya redio iliyokufa. Iliyokufa unaifungua, unatafuta palipoungua, unabadilisha, umemaliza. Kazi ngumu ni ya redio inayokatika. Mteja anakuja nayo kwapani: "Fundi, inakatika." Unaiwasha, inaimba. Unaipiga kofi mgongoni, inaimba. Unaifungua, unapitisha mita kila mahali, umeme upo kila unapotakiwa kuwepo. Mteja anaapa wallahi jana usiku ilinyamaza katikati ya taarifa ya habari. Unamrudishia, anafika nayo Makorora, na kesho asubuhi yuko mlangoni tena. Mteja si mwongo, na wewe si mjinga. Ubovu wenyewe una tabia ya kuja na kuondoka, basi tu haujaamua kuja mbele yako.

Nafanya kazi hii hapa Ngamiani, Tanga, tangu nina miaka 19. Sasa nina 52. Miaka mitatu iliyopita redio inayokatika ilikuwa mimi mwenyewe.

Mara ya kwanza ilikuwa kibandani. Nimekaa kwenye stuli, nachomelea waya wa spika. Sikusikia kizunguzungu, sikuona giza, sikutoka jasho. Mara nikajikuta chini, shavu kwenye vumbi, kijana ninayemfundisha kazi ananiita "Fundi! Fundi!" na harufu ya plastiki imejaa kibanda. Chuma cha kuchomelea kilikuwa kimeangukia kasha la redio ya watu na kulitoboa. Ajabu ni kwamba nilijisikia mzima kabisa. Niliinuka, nikajikung'uta, nikamgombeza kijana kwa nini hakuchomoa waya ukutani. Alikuwa anatetemeka maskini, na mimi nagomba.

Nilikwenda kupima siku hiyo hiyo. Malaria hakuna. Sukari sawa. Presha kama ya kijana. Nikaambiwa nimechoka, ninywe maji, nipunguze jua. Jua gani, na mimi nashinda chini ya bati?

Miezi minne baadaye nilianguka soko la Mgandini, juu ya tenga la nyanya la mama mmoja. Safari hii mke wangu alikuwepo na aliona kila kitu. Anasema uso uliingia majivu ghafla, kama mtu amezima taa kwa ndani, kisha nikaenda chini, na nilipokuwa chini mikono ikarukaruka kidogo. Basi, hiyo mikono ndiyo iliyonipa jina la ugonjwa. Watu walirudi nyuma wakasema kifafa. Wapo wanaoamini kwamba povu la mwenye kifafa linaambukiza, kwa hiyo hakuna aliyenigusa isipokuwa mke wangu na yule mama wa nyanya, ambaye nadhani alikuwa anaokoa nyanya zake. Kifafa hakiambukizi, si kwa povu wala kwa kugusana. Nalisema hili hata kama mimi sikuwa nacho, maana nimeionja siku moja dunia inavyokuwa pale watu wanaporudi nyuma.

Hospitali niliyokwenda ilisikia habari ya mikono kuruka, ikaandika kifafa, nikapewa fenobabitoni. Sina ugomvi na yule aliyeandika. Alikuwa na foleni ndefu nje, na alichosikia ndicho alichoandika. Lakini nilimeza zile dawa zaidi ya mwaka mzima, na mwaka ule sitaki urudi. Nilikuwa nasinzia saa nne asubuhi. Mkono ukawa mzito. Waya mwembamba kama unywele, ambao zamani nauweka mahali pake huku napiga soga, sasa nautafuta mara tatu. Kijana akawa ananikamilishia kazi bila kusema, na hilo liliniuma kuliko kuanguka. Na kuanguka hakukuacha: mara mbili tena ndani ya mwaka huo, dawa zikiwa tumboni. Nilipoeleza, waliongeza dozi.

Shangazi yangu wa Pangani yeye hakuwa na shaka. "Mwanangu, hilo si la hospitali." Alikuja na maneno ya jini wa baharini, akataja na siku niliyokwenda kuoga Raskazone saa ya magharibi nikiwa mtoto. Niliandikiwa kombe, yaani aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, likazimuliwa, nikanywa. Siwacheki wanaokunywa. Nilikunywa kwa imani, na ladha yake ni nzuri kuliko fenobabitoni. Lakini niliendelea kuanguka.

Baiskeli nikanyang'anywa. Mtu wa Tanga kunyang'anywa baiskeli, nyie wa mikoa mingine hamtanielewa. Mke wangu aliifunga mnyororo uani, ufunguo akauficha mpaka leo sijui wapi.

Ila huyo mke wangu ndiye mwenye hadithi hii. Anauza maandazi na mbaazi za nazi asubuhi, na ni katibu wa mchezo wao wa upatu, watu 14, kila Ijumaa. Kwa hiyo ni mtu wa kuandika. Ana daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, na baada ya siku ya Mgandini alianza kuandika kuanguka kwangu humo humo, katikati ya hesabu za wanawake. Mimi sikujua. Nilikuja kuliona mezani kwa daktari, Dar es Salaam.

Dar nilikwenda kwa pesa ya dada yangu aliyeko Muscat. Alinipigia simu akasema, "Kaka, umeshakunywa vya kunywa, sasa nenda kwa mtu wa moyo." Sijui alilitoa wapi neno la moyo, yeye anafanya kazi ya kulea watoto wa watu. Tukapanda basi alfajiri, kilomita kama 350 kwa njia ya Segera. Muheza tukanunua machungwa dirishani, na mke wangu akanikalisha upande wa ndani, yeye akakaa njiani, ili nikianguka nimwangukie yeye.

Daktari alikuwa kijana, angeweza kuwa mwanangu. Alinisalimu shikamoo, kisha akaniuliza mambo mawili matatu, nikajibu: sikumbuki, sikuona, nilikuwa sipo. Ndiyo tatizo la ugonjwa huu. Mgonjwa mwenyewe ndiye mtu pekee ambaye hakuwepo. Akamgeukia mke wangu. "Mama, wewe ulikuwepo?" Mke wangu hakujibu. Akafungua mkoba, akatoa daftari.

Nalikumbuka lile ukurasa kwa ukurasa. "Jumapili, mchana, amekaa anakula. Rangi majivu. Amelala chini, mikono imeruka mara tatu au nne. Nimesema Subhanallah mara 13 akafumbua macho. Ameniuliza kwa nini wali umemwagika." Alikuwa hana saa mkononi, kwa hiyo alihesabu kwa tasbihi. Daktari aliomba waseme pamoja Subhanallah, yeye akitazama saa ya ukutani, ili ajue mke wangu husema kwa mwendo gani. Nimeshuhudia vipimo vingi tangu hapo, vya mashine za mamilioni, lakini hicho ndicho kipimo nilichokipenda.

Kisha akatueleza, na alieleza vizuri. Mtu wa kifafa mara nyingi akizinduka huwa amechanganyikiwa muda mrefu, hajui alipo, mwili unauma, na mara nyingi ameuma ulimi pembeni. Mtu aliyezimia kwa damu kutofika kichwani huingia majivu, huanguka kama gunia, na damu ikirudi tu anarudi pale pale alipoachia, anauliza wali. Na mikono kuruka? Ubongo ukikosa damu kwa sekunde kadhaa nao hurusha viungo. Si kila anayerukaruka ana kifafa. Akasema kilichomtia wasiwasi ni mambo matatu: naanguka bila dalili yoyote, naanguka hata nikiwa nimekaa, na umri. Kijana anayezimia amesimama kwenye jua siku ya mahafali ni jambo moja. Mtu wa miaka 50 anayezimia ameshika kijiko ni jambo lingine, hapo unautazama moyo kwanza.

Wakautazama. ECG, zile nyaya za kubandika kifuani, karatasi ikatoka safi. Eko, ile picha ya moyo unavyocheza, safi. Nikavishwa kisanduku kinachoitwa Holter, nikalala nacho kwa binamu yangu Temeke saa 24, nikapanda ngazi, nikabeba ndoo, nikamkasirikia binamu makusudi. Safi. Nilipokirudisha nilikuwa na hasira za yule mteja wa Makorora. Redio inaimba.

Nikamwambia daktari kazi yangu, na habari ya redio inayokatika. Alicheka, akavuta kiti. Akauliza, "Sasa fundi, wewe redio ya namna hiyo unaifanyaje?" Nikamwambia: ikinishinda, naiacha imewashwa mezani, wiki, wiki mbili, naendelea na kazi nyingine huku sikio liko kwake. Siku itakayokatika nitakuwepo. Akasema, "Basi na sisi tutafanya hivyo hivyo."

Akapiga hesabu kwenye kona ya karatasi. ECG ya kawaida inanasa sekunde 10. Holter imenasa siku moja. Mimi naanguka kila baada ya miezi minne, mitatu nikibahatika vibaya. Yaani siku kama 120. Kuvizia tukio la siku 120 kwa wavu wa siku moja ni sawa na kutupa jarife pale Sahare dakika tano ukategemea kupata nguru. Kinachotakiwa ni kitu cha kukaa na mimi miaka, kisichotolewa nikioga, kisichosahaulika mezani. Kitu cha kukaa ndani ya ngozi.

Kinaitwa kinasa mapigo. Aliniwekea cha mfano kiganjani. Mimi nimeshika vipande vya umeme maisha yangu yote, nikadhani nitaona kitu cha maana. Kilikuwa na urefu wa betri ya rimoti ya TV, ile ndogo, milimita 45 hivi, lakini upana ni milimita 7 na unene 4. Uzito gramu 2.5. Ndani yake mna betri ya kudumu takriban miaka mitatu (vipya zaidi huvuka minne), na kumbukumbu, na huku na huku kwenye ncha zake kuna vituo viwili vya kusikilizia umeme wa moyo. Hakina waya unaoingia moyoni. Kinakaa chini ya ngozi, juu ya mbavu, upande wa kushoto karibu na mfupa wa kati wa kifua, na kazi yake ni kusikiliza tu.

Hapo nisimame kidogo, maana mtaani wote waliniuliza "umewekewa betri ya moyo?" Hapana. Kinasa mapigo hakisukumi moyo, hakiushtui, hakitibu kitu. Moyo ukisimama, chenyewe kinaandika "umesimama" na kunyamaza. Mke wangu alipoelewa hivyo alikasirika sana. "Sasa mume wangu afe, chenyewe kimekaa kinaandika?" Daktari akamwambia, "Mama, na wewe si uliandika?" Akanyamaza.

Kinavyofanya kazi ni kitu cha kumfurahisha fundi. Kinarekodi muda wote, lakini kumbukumbu yake ni ndogo, kwa hiyo kinazunguka: kipya kinafuta cha zamani, kama kaseti ambayo utepe wake umeungwa mwisho kwa mwanzo. Mambo mawili ndiyo yanayokifanya kiseme "hiki nisikifute." La kwanza, kikiona chenyewe jambo kilichoagizwa kuliangalia: moyo umekaa kimya zaidi ya sekunde tatu, au umeshuka chini ya mapigo 30 kwa dakika, au umekimbia kupita kiasi. La pili, wewe mwenyewe. Unapewa kitu kama rimoti ya geti. Ukizinduka, unakiweka kifuani, unabonyeza, nacho kinahifadhi dakika zilizopita, zile ambazo wewe hukuwepo. Nyuma! Nilimfanya daktari arudie. Unabonyeza baada ya tukio na kinakupa kabla ya tukio. Waliokibuni walikuwa wamemfikiria mtu aliyezimia kweli kweli, kwamba huwezi kumwambia abonyeze akiwa njiani kwenda chini. Kazi kubwa ya mwanzo ilifanywa miaka ya 1990 na madaktari wa mji wa London, lakini London ya Canada, si hiyo mnayoijua.

Kuweka kwenyewe sina mengi ya kusema. Sindano ya ganzi ndiyo iliyouma. Chale isiyofika sentimita moja, kikasukumwa ndani kwa kifaa kama bomba la sindano nene, gundi juu, bandeji. Nimekaa kinyozi muda mrefu kuliko pale. Nilikuwa naongea na daktari kuhusu bei ya samaki. Kilichokuwa na uzito ni bei yake, na dada yangu amenikataza kuitaja hapa. Bima yangu ilisema haikijui kifaa hicho, nikakubali yaishe.

Nikarudi Tanga na kinasa changu. Usiku wa kwanza mke wangu alikipapasa kwa kidole akasema ni kama mwiba wa samaki changu uliokwama. Kijana wangu kibandani nikamfundisha kubonyeza, mke nikamfundisha, na wale wazee wenzangu wa barazani nikawafundisha, wakafanya mzaha kwamba nikianguka watabadilisha stesheni. Na mimi nikapewa sheria: sumaku mbali na kifua. Kibandani kwangu sumaku ni kama samaki kwa mvuvi. Kila spika ina sumaku mgongoni, na nilizoea kuegemeza spika kubwa kifuani huku nafunga skrubu. Nikaacha. Spika sasa zinakaa mezani kwa adabu, umbali wa shibiri moja na zaidi.

Ikaanza kungoja. Hili hakuna anayekuambia. Unakuwa mtu wa ajabu: unaomba uanguke. Si uanguke vibaya, uanguke vizuri, mahali laini, kinasa kisikie, mambo yaishe. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Niliwahi kukaa nikiwaza kwamba jini wa shangazi ameogopa mashine. Mwezi wa tano nikaanza kusema nimepona, nikaulizia ufunguo wa baiskeli. Mke wangu akaendelea kukanda unga kama hakusikia.

Ikaja Ramadhani. Ingekuwa nimeanguka mchana, watu wote wangesema njaa, na labda hata mimi ningesema njaa. Lakini Mungu ana mipango yake. Ilikuwa kumi la pili, baada ya tarawehe, tuko barazani, kahawa chungu imepita mara mbili na kashata, tumbo limejaa muhogo wa nazi na tambi. Tunacheza dhumna. Nimeshika mkononi mawe matatu, na kwa hesabu zangu nilikuwa nafunga mchezo. Hapo ndipo filamu inakatika.

Nikafumbua macho nikamwona jirani yangu amenipigia magoti, amebandika ile rimoti kifuani juu ya kanzu na anabonyeza, anabonyeza, anabonyeza kama mtu aliyekwama kwenye lifti. Mara moja ingetosha. Mwingine ananipepea kwa kofia. Wa tatu, huyu simsamehe, alikuwa anatazama mawe yangu yaliyomwagika. Mpaka leo wanasema nilizimia kwa kuogopa kushindwa. Mke wangu alifika anakimbia na khanga moja begani, akauliza kwanza saa, ya pili rangi, ya tatu nimelala chini kwa muda gani, wazee wakajibu kila mtu na lake. Aliandika yote.

Tulipanda basi keshokutwa yake.

Kusoma kinasa ni kuweka kichwa cha mashine juu ya ngozi, kama unavyoweka simu juu ya chaja isiyo na waya. Daktari alitazama kioo. Akakaa kimya, nikajua. Fundi akikaa kimya mbele ya redio yako huwa amekiona. Akachapisha, akanitandikia utepe mezani.

Mchoro wa moyo ukiufahamu si mgumu. Kila pigo lina kilima kidogo, kisha mnara. Kilima ni umeme wa vyumba vya juu, ndiko pigo linakoanzia. Mnara ni umeme wa vyumba vya chini, ndivyo vinavyosukuma damu mwilini. Kati yao kuna njia moja tu ya kupitisha taarifa. Pale mezani nikaona kilima, mnara, kilima, mnara, vimepangika vizuri. Kisha kilima. Kilima. Kilima. Kilima. Mnara hakuna. Juu walikuwa wanapiga hodi kama kawaida yao, chini hakuna anayefungua. Sekunde 11. Karatasi ile hukimbia milimita 25 kila sekunde, kwa hiyo ukimya wangu ulikuwa na urefu wa sentimita 27 na nusu. Nilipima kwa rula ya daktari. Baada ya hapo mnara mmoja umejikongoja, mwingine, kisha vyote vikarudi kwenye mstari kana kwamba hakuna kilichotokea.

Moyo ukinyamaza sekunde sita, saba, nane, kichwa kinazima. Kwa hiyo nilikuwa chini kabla ukimya haujaisha. Na kati ya tukio na tukio waya unagusana vizuri, mtu anapimwa, anaonekana mzima, anapewa maji. Stesheni inarusha matangazo, spika nzima, waya wa katikati ndio unaoachia. Kazi ya maisha yangu! Nimeshachomelea maelfu ya waya za namna hiyo. Wangu sikuweza kuufikia.

Huo uchomeleaji ulifanyika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale eneo la Muhimbili. Sasa hapo ndipo betri ya moyo, yenyewe kweli, ilipoingia: kisanduku chini ya mtulinga, na nyaya mbili zinazopita ndani ya mshipa mpaka moyoni, mmoja vyumba vya juu, mwingine vya chini. Wa juu unasikiliza kilima. Mnara ukichelewa, wa chini unaupiga. Na kinasa wakakitoa siku hiyo hiyo. Nilikiona kwenye kisahani cha chuma, kina damu kidogo, na nikapata hamu mbaya ya kukifungua. Muuguzi aliuona mkono wangu, akasogeza kisahani.

Wodini, kwa kuwa sikuwa na kazi, nilisoma kwenye simu habari za walioanza mambo haya, na nataka mafundi wenzangu wazijue. Norman Holter, Mmarekani wa jimbo la Montana, kifaa chake cha kwanza cha miaka ya 1940 kilibebwa mgongoni kama mzigo wa kuni, kilo kama 38. Binamu wa Temeke angenifukuza. Na betri ya moyo ya kwanza kuwekwa ndani ya mwili wa mtu, Stockholm mwaka 1958, ilitengenezwa na mhandisi Rune Elmqvist, mtu wa transista kama sisi. Gundi ya kuifunika aliimimina kwenye kopo la rangi ya viatu, lile la Kiwi, likawa ndiyo kalibu yake. Ikafanya kazi saa chache ikafa. Wakaweka nyingine. Mgonjwa, Arne Larsson, alikuwa anazimia mara 20 na zaidi kwa siku, moyo wake ukiwa na ubovu wa jamaa na wangu. Alibadilishiwa betri zaidi ya 20 maishani mwake, akafa mwaka 2001 akiwa na miaka 86, mhandisi na daktari aliyempasua wakiwa wameshatangulia. Kopo la rangi ya viatu! Mimi nina makopo kama hayo kibandani yamejaa skrubu.

Fenobabitoni sikuiacha siku moja. Daktari alinikanya: dawa za aina hiyo ukizikata ghafla zenyewe zinaweza kukuletea degedege. Nilishushwa polepole kwa wiki kadhaa, na wiki ya mwisho asubuhi moja nikakaa nikaunga waya wa kipaza sauti cha simu kwa mara ya kwanza bila kutafuta. Kijana aliona. Alisema tu, "Fundi, chai."

Shangazi wa Pangani alikuja kunipa pole. Nilimwonyesha ile karatasi, vilima na ukimya. Aliitazama muda mrefu akaniambia, "Ndiye huyo." Sikubishana naye.

Juzi nilikuwa natafuta risiti nikalikuta lile daftari kabatini. Kuanguka kwangu kumo mote, mara tano alizoandika, kila moja na rangi na tasbihi zake. Ya mwisho ni ile ya dhumna, na pembeni ameandika majina ya wazee watatu na muda ambao kila mmoja alidai nimelala: nusu dakika, dakika mbili, robo saa. Chini yake amepiga mstari kwa rula. Ukurasa unaofuata ni Ijumaa, watu 14, nani ametoa, nani hajatoa, na zamu ya kupokea ni ya mama wa nyanya wa Mgandini.